Nilibadilisha kila kitu, taa zikagoma: kosa lilikuwa kwenye arthi

Wiki iliyopita kaka yangu aliyeko Seeb, Oman, alinitumia video ya nusu dakika. Gari yake, Land Cruiser ya zamani aliyoirithi kwa marehemu baba yetu, imeegeshwa uani usiku. Mwanawe amekaa kwenye usukani, anakanyaga breki. Kila akikanyaga, taa ya breki ya kushoto inawaka vizuri, ya kulia inafifia, na taa ndogo za mbele zinang'aa kidogo bila ya mtu kuziwasha. Chini yake kaka ameandika: "Yakhe, gari imeingia jini. Nimeshanunua globu sita. Nifanye nini?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Mwaka jana mie mwenyewe niliingia kwenye shimo hilo hilo, na kidogo tu niichome moto gari ya watu. Jibu nililompa kaka ndilo hili hapa. Nimelirefusha kidogo kwa ajili ya kila mwenye gari ya zamani iliyofunikwa turubai nyumbani kwake, awe Muscat, Dubai, Doha au Unguja.

Gari ya mzee jirani

Naishi Lackawanna, mji mdogo wa jimbo la New York, kando ya Ziwa Erie, umeshikana na Buffalo kwa upande wa kusini. Jina la mji ni la kampuni ya chuma, Lackawanna Steel, ambayo ilinunuliwa na Bethlehem Steel mwaka 1922. Enzi zake kiwanda kile kiliajiri watu karibu 20,000, na miongoni mwao walikuwemo Waarabu wengi kutoka Yemen. Mwishoni mwa 1982 kampuni ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kazi zake, na mwaka 1983 uyeyushaji wa chuma ukasimama. Leo ukipita barabara ya Route 5 unaona mitambo ya kufua umeme kwa upepo imejipanga kando ya ziwa, pale pale palipokuwa na kiwanda. Kiwanda kimekwenda, lakini Wayemeni wamebaki. Mtaa wa First Ward, ng'ambo ya reli, Kiarabu utakisikia dukani, barazani na msikitini.

Jirani yangu ni mmoja wao, mzee aliyetumikia kiwanda kile mpaka siku alipopewa barua. Mie humwita Ami, yeye huniita waladi. Nyuma ya nyumba yake kuna banda, na ndani ya banda kuna Ford Galaxie 500 ya mwaka 1966, buluu, milango minne, taa nne za mbele zimepandana mbili mbili kama macho. Namba ya gari ile inaanza na 6U. Sita ni mwaka wa modeli, na U ni alama ya kiwanda cha Ford cha Louisville, Kentucky, ilikounganishwa. Ami hupenda kusema kuwa mabati yake yalipigwa hapa hapa kwetu, kwa sababu Ford wana kiwanda cha kukandamiza bodi za magari kusini kidogo ya Lackawanna tangu mwaka 1950. "Chuma chetu hicho," hunambia, akiligonga boneti kwa kidole. Mie sibishani naye.

Gari hiyo aliinunua kwa mtu, akaenda nayo kumpokea mkewe uwanja wa ndege siku alipofika kutoka Yemen. Miaka mingi baadaye mkewe alipofariki, akaiingiza bandani, akafunga mlango. Ikakaa humo zaidi ya miaka 20.

Mwaka jana mjukuu wake wa kike alichumbiwa. Alimwomba babu yake jambo moja: usiku wa harusi atolewe ukumbini kwa gari ya bibi. Harusi ilikuwa mwisho wa Septemba. Ami alinijia wiki tatu kabla. Injini ilikuwa imeshatengenezwa na breki zimeshafanywa upya na fundi. "Zimebaki taa tu," akanambia. "Wewe ni fundi umeme."

Kweli mie ni fundi umeme, lakini wa majumba. Nilisema inshallah kwa kujiamini kabisa. Hapo ndipo lilipoanza tatizo.

Jinsi nilivyokosea

Jioni ya kwanza nilizijaribu taa moja moja. Taa za mbele ziliwaka, lakini kwa mwanga wa manjano kama kibatari. Nilipoziwasha fuli, baada ya dakika chache zilizimika zote, zikakaa kidogo, zikawaka tena zenyewe. Indiketa ya kulia iliwaka bila ya kupepesa. Breki ikikanyagwa, taa ya nyuma ya kulia ilififia badala ya kung'ara. Na taa za dashibodi hazikuwaka kabisa, fyuzi yake ilikuwa imekatika.

Basi nikafanya kama kaka yangu. Nilinunua globu za nyuma zote. Nilinunua kipepesi kipya cha indiketa. Nilinunua taa mbili za mbele. Nikatumia pesa na Jumamosi nzima, na jioni yake gari ilikuwa na maradhi yale yale, ila sasa yamevaa vifaa vipya.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la fyuzi. Ile ya taa za dashibodi ni ndogo sana, kwa sababu vijitaa vile vinakula umeme kidogo. Nikaweka mpya, ikakatika. Nikaweka nyingine, ikakatika. Sikuwa na ya tatu ya kipimo kile, mkononi nilikuwa na ya ampea 20. Nikajisemea, niiweke kwa dakika moja tu nione kama taa zitawaka.

Haikufika dakika. Kwanza nilisikia harufu, kisha moshi mweupe ukatoka nyuma ya dashibodi. Nilibaki nimeshika kitasa cha swichi nimeduwaa. Ami, mzee wa miaka zaidi ya 80, ndiye aliyefika mbele ya gari kabla yangu, akauvua mkono wa betri. Tulikuwa tumeulegeza tangu mchana, wallahi hiyo ndiyo bahati yetu.

Moshi ulipoisha hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Waladi, fyuzi inalinda nini?"

Nikasema, "Taa."

"Hapana. Inalinda waya. Taa ikiungua unanunua nyingine. Waya ukiungua, nyumba inaungua."

Nyumbani kwa mteja nisingethubutu kufanya jambo kama lile. Lakini kwa kuwa ilikuwa gari, na volti ni 12 tu, niliidharau. Volti 12 haikurushi ukiigusa, hiyo ni kweli. Lakini betri ya gari ina uwezo wa kutoa mamia ya ampea kwa mpigo, na hizo zinatosha kuufanya waya mwembamba uwe mwekundu kama kaa la moto. Tulipofungua dashibodi tulikuta waya umesuguliwa na chuma kwa miaka mingi mpaka ganda lake limeisha, ukawa unagusa bodi. Ile fyuzi ndogo ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo. Mie ndiye niliyeinyamazisha.

Karatasi na kalamu

Kesho yake Ami alikuja na daftari la skuli la mjukuu wake. Akataka niandike kila taa, inafanya nini na inakataa nini, kabla sijagusa kitu chochote. Usiku nikampigia rafiki yangu aliyeko Columbus, Ohio, Msomali aliyekulia Mombasa, ambaye kazi yake ni umeme wa magari. Nikamsomea lile daftari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Umebadilisha vitu vingapi?"

Nikamwambia.

"Na umepima vingapi?"

Nikakaa kimya.

"Basi kaka, anza na arthi. Gari iliyokaa Buffalo, anza na arthi."

Hapa nieleze, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo wengi wetu hatuliangalii. Nyumbani umeme unaletwa na waya mmoja na kurudi kwa waya mwingine. Kwenye gari, waya wa kurudi mara nyingi haupo. Umeme unatoka betri, unapita swichi, unafika kwenye taa, halafu unarudi betri kwa kupitia bodi ya gari yenyewe: chuma cha taa, skrubu, bati, boliti, fremu, mpaka kwenye mkono wa betri ulioungwa na bodi. Hiyo ndiyo arthi. Kwa hiyo kila skrubu yenye kutu ni kama waya uliokatika nusu.

Na kwetu huku kutu haikosekani. Theluji ya Ziwa Erie ni maarufu, na kila msimu wa baridi barabara zinamwagwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi ile inaingia kila pembe ya gari. Gari ya Ami ilitembea kwenye chumvi miaka mingi kabla ya kuingia bandani. Nyinyi mlioko Ghuba msicheke. Hewa ya bahari ya Muscat au ya Dubai, yenye joto na unyevu, nayo ina chumvi, na magari yetu ya Unguja ya zamani, akina Morris na Austin, yaliliwa na hewa hiyo hiyo.

Sasa lile "jini" la breki. Globu ya nyuma katika magari mengi ya zamani ina nyuzi mbili ndani: mmoja hafifu wa taa ya usiku, mmoja mkali wa breki. Nyuzi zote mbili zinarudi kwa njia moja, yaani ganda la globu, kisha holda, kisha bodi. Njia hiyo ikiziba, umeme wa breki haukai ukasubiri. Unatafuta mlango mwingine, unaupata kupitia ule uzi wa pili, unapanda kinyumenyume kwenye waya wa taa za usiku, na unakwenda kuteremka ardhini kupitia taa nyengine zilizo nzima. Ndiyo maana unakanyaga breki, na taa ndogo za mbele zinang'aa. Hakuna jini hapo. Ni umeme uliofungiwa njia ya kurudi.

Katika magari ya Kimarekani kama Galaxie kuna la zaidi: taa ya breki na indiketa ya nyuma ni uzi mmoja, na umeme wa breki unapita kwanza kwenye swichi ya indiketa kwenye usukani. Kwa hiyo arthi mbovu ya taa moja ya nyuma inaharibu breki, indiketa na taa ya usiku kwa pamoja. Kipepesi cha zamani nacho kinafanya kazi kwa joto: umeme unakipasha, kinakata, kinapoa, kinaunga. Ukipita umeme mdogo kuliko uliotakiwa, hakipati joto la kutosha, na indiketa inawaka tu bila ya kupepesa. Nilikuwa nimenunua kipepesi kipya bure.

Kipimo kilichonidanganya

Nilichukua mita yangu ya kazini, nikaiweka kwenye kipimo cha omu, nikapima kati ya holda ya taa ya kulia na bodi. Mita ikalia: njia ipo. Nikampigia rafiki yangu kwa furaha kwamba arthi ni nzima.

"Umepima taa ikiwa imewaka au imezimwa?"

"Imezimwa."

"Basi hujapima kitu."

Maelezo yake nimeyaandika ukutani kwenye karakana yangu. Mita ikipima omu inapitisha umeme mdogo mno, mdogo hata kwa uzi mmoja wa shaba uliobaki. Ni sawasawa na kuuliza kama daraja lipo kwa kumpitisha paka juu yake. Taa ya breki inataka karibu ampea mbili, na taa za mbele zote zinataka zaidi ya kumi. Daraja unalipima kwa lori, yaani unapima huku taa inawaka.

Namna yake ni hii. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja ishike mkono hasi wa betri, kwenye risasi yenyewe, si kwenye kibanio. Ncha ya pili iguse ganda la holda ya taa. Mtu akanyage breki. Arthi ikiwa nzima, mita itasoma karibu na sifuri, tuseme chini ya sehemu mbili za kumi ya volti. Chochote kinachozidi hapo ni volti zinazopotea njiani badala ya kuwa mwanga.

Taa ya kushoto ya Galaxie ilisoma 0.1. Ya kulia ilisoma 4.8. Karibu volti tano zilikuwa zinaliwa na kutu.

Ami aliitazama mita kwa muda, akaniomba nimsomee tena. Macho yake hayaoni vizuri tena. Nilipomsomea, akasema, "Siku tisa hizi. Dakika moja."

Tulifungua taa, tukasugua holda kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'ara, tukasafisha pale inapofungwa kwenye bodi, tukaweka washa yenye meno ili iume chuma, tukapaka grisi juu yake ili maji yasiingie. Ile 4.8 ikashuka mpaka 0.2. Indiketa ikaanza kupepesa yenyewe, bila ya kifaa kipya hata kimoja.

Taa za mbele

Kwa taa za mbele tulipima njia zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Betri ilikuwa na volti 12.5. Kwenye plagi ya taa zilifika 10.3 tu. Volti 1.3 zilipotea kwenye njia ya kwenda, yaani swichi ya dashibodi, ile swichi ya mguu ya kubadilisha fuli na dimu, na viungio vya waya. Volti 0.9 nyengine zilipotea kwenye arthi iliyofungwa bati la mbele.

Mtu anaweza kusema, volti mbili ni nini? Lakini mwanga wa globu ya uzi haupungui sambamba na volti, unaporomoka. Ukipoteza sehemu 10 kwa mia ya volti, unapoteza karibu sehemu 30 kwa mia ya mwanga. Kwa kipimo chetu, taa zile mpya nilizonunua zilikuwa zinatoa karibu nusu tu ya mwanga wake.

Na kule kuzimika na kuwaka zenyewe? Katika gari ile taa za mbele hazina fyuzi. Ndani ya swichi yenyewe kuna kikata umeme chenye kipande cha metali kinachopinda kikipata joto. Kikipinda kinakata, kikipoa kinaunga. Waliitengeneza hivyo makusudi, ili dereva aliyeko barabarani usiku asiachwe gizani moja kwa moja. Kwa hiyo taa zikizimika na kurudi, swichi inakuambia: nimepata joto kupita kiasi. Ama kuna waya unagusa bodi, ama swichi yenyewe imechakaa na kuota ukoko ndani. Kwetu ilikuwa hilo la pili. Nyuma yake plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia.

Fikiria: fuli ikiwashwa, taa zote nne zinawaka, kila moja wati 37.5. Jumla ni wati 150, na kwa volti 12 hizo ni ampea 12.5, zote zinapita kwenye swichi ya tangu 1966. Tuliweka swichi mpya, halafu tukaongeza rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fuli. Rilei ni swichi inayowashwa na swichi nyingine. Umeme mzito unatoka betri kwa waya mnene, wenye fyuzi yake karibu na betri, na kwenda moja kwa moja kwenye taa. Swichi ya zamani inabaki na kazi ya kutoa amri tu. Tukavuta pia waya wa arthi kutoka kwenye taa hadi betri, tusiitegemee tena kutu. Tulipopima upya, plagi ilisoma 12.2. Ukuta wa banda ukawa mweupe, na mke wangu akatoka nje kuuliza kuna nini.

Jioni ile nilimkumbusha Ami kuwa mambo ya taa za magari ni ya huku huku kwetu. Magari ya Pierce-Arrow yaliundwa Buffalo, na yalijulikana kwa taa zilizojengwa ndani ya mabawa ya matairi ya mbele, ubunifu uliopewa hataza mwaka 1914. Na Buffalo ndiyo iliyopokea umeme wa maporomoko ya Niagara mwezi Novemba 1896. Akanijibu, "Basi tusiutie aibu mji."

Siku tatu kabla ya harusi

Jumatano usiku tulilitoa gari kwa mara ya kwanza. Ami alikaa mbele na mjukuu wake wa kiume akaendesha. Mie nilifuata nyuma na gari yangu. Barabara zetu zina mashimo. Kila gari ilipopiga shimo, taa ya breki ya kulia ilizimika. Ikawaka. Ikazimika tena.

Tuliporudi, walikuja watu wa nyumbani kuitazama gari. Bibi harusi mwenyewe alikuwepo, amefurahi, anapiga picha. Taa zote zilikuwa zinawaka pale uani. Hakuna aliyeona nilichokiona barabarani ila mie. Nakiri nilifikiri kunyamaza. Ni safari fupi tu, nilijisemea, na taa ya kushoto ni nzima.

Kisha nikafikiri ni nani watakaokuwa kiti cha nyuma, na nani watakaokuwa nyuma yao usiku ule, msafara mzima wa harusi, vijana wanaopiga honi na kushika simu. Nikamwita Ami pembeni.

"Ami, gari hii haitoki Jumamosi usiku. Si kwa hali hii."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Afadhali umesema leo. Tuna siku tatu."

Alhamisi tulilipata. Vipimo vyetu vyote tulivifanya gari ikiwa imesimama. Sasa niliwasha taa, mtu akakanyaga breki, nikawa nagonga taa polepole kwa mpini wa bisibisi huku nikitazama mita. Kila pigo, ile 0.2 iliruka mpaka 6 na kurudi. Holda tuliisafisha, lakini springi yake ilikuwa imechoka na ganda lilikuwa limelegea, kwa hiyo globu ilikuwa inacheza. Tuliibadilisha holda, na juu yake nikachomelea waya wa arthi wa peke yake mpaka kwenye bodi. Nikafanya hivyo hivyo upande wa kushoto, ingawa ulikuwa mzima. Ijumaa baada ya sala tuliizungusha tena mtaa mzima, tukizitafuta zile zile shimo. Hazikuzimika.

Kwa kaka, na kwa wengine

Niliyomwandikia kaka ni haya. Kabla ya kununua chochote, hakikisha betri imejaa, isome kama volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na mikono yake isiwe na ukoko. Ukitaka kushika waya, vua mkono wa betri ulioungwa na bodi kwanza, na uurudishe mwisho. Andika kila taa inafanya nini. Pima arthi taa ikiwa inawaka, halafu pima ukiitikisa. Fyuzi ikikatika mara mbili, usiweke ya tatu, tafuta waya unaogusa bodi. Na usiweke fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa, hata kwa dakika moja.

Wapenzi wa globu za LED nao wana neno lao. LED inakula umeme kidogo, kwa hiyo kipepesi cha zamani hakitapepesa mpaka ukibadilishe kwa cha elektroniki. Na kama gari yako ni ya Kiingereza ya zamani, kama Morris Minor za mwanzo, angalia kwanza. Nyingi ziliungwa mkono chanya wa betri kwenye bodi, kinyume na magari ya leo, na LED ya kawaida haitawaka humo.

Juzi kaka kanijibu. Taa ya kulia ya Land Cruiser ilisoma volti 3.9 kwenye arthi. Skrubu moja nyuma ya taa, imeliwa na kutu. Zile globu sita anazo bado, kama kuna anayezitaka.

Ama harusi, ilikwisha karibu saa sita usiku. Bibi harusi alipanda gari ya bibi yake, Ami mbele kwenye kiti cha abiria, na msafara ukashika Ridge Road kuvuka daraja la reli. Mie niliomba niwe gari ya pili. Wenzangu waliimba na kupiga makofi njia nzima, mie nilitazama taa mbili nyekundu mbele yangu tu. Kwenye taa za barabarani za South Park Avenue, mbele ya kanisa kubwa, gari ilisimama. Zote mbili ziliwaka, sawasawa.